Usimtoe Baba Kwenye Kitalu Chake

Eagan, Minnesota
Novemba 2014

Dada yangu mpendwa Mwanaidi,

Assalaam aleikum. Natumaini barua hii inakukuta u mzima, wewe na shemeji na watoto, na ule mguu wako umeacha kuvimba. Mimi mwili hauna neno. Baridi imeanza, asubuhi nakwangua barafu kwenye kioo cha gari kwa kadi ya zamani ya benki.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu huwa unanishinda. Juzi uliponiambia mnamhamishia Baba kwako Tanga, na kitalu chake kimeshapata mnunuzi, nilisema sawa. Tangu siku hiyo sina raha.

Pale kazini, kwenye nyumba ya wazee, namhudumia bibi wa Kijapani aitwaye Haruko. Amezaliwa Okinawa, kisiwa ambacho wazee wake wanasifika kwa kuishi miaka mingi wakiwa na nguvu. Mwanzoni nilimkirimu kama mgeni wa kwetu: akisukuma sahani, namwongezea wali. Siku moja akaifunika kwa mkono.

"Binti, unataka kuniua?"

"Bibi, hujashiba."

"Ndiyo maana naacha. Kwetu tumbo huachiwa nafasi kidogo. Wewe nani alikufundisha kushindilia watu kama magunia?"

Nikacheka, kisha kicheko kikaniishia, maana aliyenifundisha ni Mama. Unakumbuka alivyokuwa akikwangua sufuria ili ukoko wote uupate wewe.

Akaniuliza habari za wazazi wangu. Nikamwambia Mama tumemzika mwaka huu, nami sikuweza kufika. Baba yupo Lushoto, anaotesha miche ya mipea, lakini sasa tunampumzisha.

"Anaumwa?"

"Haumwi."

"Kaomba kupumzika?"

"Bibi, kwetu mtoto akipata uwezo, mzazi haachwi ashike jembe. Watu watasema nini?"

"Watasema ana watoto wazuri. Na yeye atakaa dirishani kama mimi."

Akanieleza kwamba kwao mzee huwa na jambo la kumwamsha asubuhi: bustani, au jirani anayemsubiri kwa chai. Wanaliita ikigai. Hawaachi kazi, wanaipunguza tu. Shangazi yake alipalilia viazi mpaka mwaka aliofariki, akiwa mkongwe kabisa. "Mimi hapa nalishwa vizuri, naogeshwa vizuri," akasema. "Ila hakuna anayenihitaji."

Dada, nilikuwa nimeshika soksi zake nimvishe. Nikampa avae mwenyewe. Alichukua muda mrefu, nikachelewa chumba cha pili, lakini alivaa.

Nikamfikiria Mama. Tulipomwambia aache kukaanga maandazi, alisema, "Haya, wanangu." Tukafurahi kwamba amekubali. Tukamwekea msichana wa kazi, nami nikawa natamba huku kwamba mama yangu hashiki hata ufagio. Wateja wake wakaacha kupita. Kila nilipopiga simu aliniuliza leo siku gani. Sisemi hilo ndilo lililomuua. Daktari alisema ni moyo. Lakini mimi nilikuwa nalipwa kukaa na mama wa watu, huku wa kwangu nikimlipia mtu amnyang'anye mwiko.

Jumapili nikampigia Baba, nikamuuliza kuhusu Tanga. Akasema, "Haya, mwanangu. Nyinyi ndio mnaojua." Halafu akaanza kunieleza jinsi ya kumwagilia mipea aliyoibebesha vikonyo vya aina bora mwezi uliopita, taratibu, maji yasipige shina, kama vile mimi ndiye nitakayekwenda kuimwagilia.

Kwa hiyo nalirudisha lile neno langu la sawa. Najua ni rahisi kusema nikiwa huku. Akishikwa na homa, anayepanda milima ni wewe. Una haki ya kunitukana, na sitajibu. Nimeongea na fundi seremala, jirani yetu wa Lushoto; amekubali kumbebea Baba ndoo za maji. Viriba vya miche atajaza udongo mwenyewe.

Ninakuomba kitu kimoja kabla hamjauza. Nenda Lushoto ushinde naye kitaluni. Usimtajie Tanga. Muulize tu miche ipi iko tayari kupandwa, na ipi inahitaji mwaka mwingine, kisha umsikilize mpaka amalize. Ukitoka hapo bado unaona tumhamishe, sitatia neno tena.

Nisalimie shemeji, na mama mdogo wa karibu na msikiti, na wifi yetu aliyejifungua. Wanao waambie mama yao mdogo wa baridi anawapenda.

Nisamehe kwa kukusumbua.

Mdogo wako,
Hadija