Kilichokuwa Ndani ya Kiti cha Mheshimiwa

Jumatatu, 3 Machi

Leo kiti cha Mheshimiwa kimeingia karakana kwangu. Chenyewe hasa! Si cha katibu wala cha wageni — kile anachokalia akiamua nani raia na nani mpita njia. Watu wanne wamekibeba kama mgonjwa mahututi. Nikawaambia taratibu jamani, mimi nimeshona viti vya meli ya abiria, nimeona bandari saba na kulala katika sita, fremu haibebwi kwa mguu mmoja. Wamecheka. Mafundi makochi mji huu ni wengi. Wanaojua kufufua kochi tulikuwa wawili, na mwenzangu alishakufa.

Kazi nimeletewa na Shemeji, mdogo wake mke wangu, dereva wa Mheshimiwa. Bosi yuko safarini, ofisi inapakwa rangi, Shemeji akaona amtengenezee mume wa dada yake riziki. Kirudi Jumatano ijayo, kabla mwenyewe hajatua. Kijana ana moyo.

Benchi la nje limejaa kama kawaida. Tunaliita Bunge Dogo, ila hapa mtu akisinzia tunamwamsha. Wamesema ya maji yasiyotoka, ya barabara inayozinduliwa kila mwaka, ya foleni za uhakiki wa uraia. Mwalimu Mstaafu amekitazama kiti kwa muda, akauliza nitakitia sponji au misumari. Wote wameangua kicheko. Na mimi pia — halafu nikaangalia nani hakucheka. Siku hizi ndivyo tunavyocheka.

Jumanne, 4 Machi

Mke wangu amerudi mikono mitupu kutoka ofisi ya uhakiki. Mara ya nne. Saa sita kwenye foleni, na wa dirishani hata uso hakuinua. Wanataka cheti cha kuzaliwa cha babu yake. Cha babu! Mzee aliyezaliwa kabla mpaka wenyewe haujachorwa. Kisa, baba yake alivushwa kutoka upande wa pili akiwa mtoto wa mgongoni. Basi leo binti yake "anachunguzwa".

Mke wangu ni mkunga. Miaka ishirini na miwili. Nusu ya wanaopita mtaa huu aliwapokea yeye, aliwapiga kofi lao la kwanza, aliwaandikia karatasi yao ya kwanza. Wana kadi mpya mifukoni. Yeye hana. Hospitali imebandika tangazo: Jumatatu tarehe 17, mtumishi asiye na kadi asikanyage wodini.

Nikamwuliza, mbona mdogo wako kapata? Baba mmoja, mama mmoja, ziwa moja. Akasema yeye alisainiwa na bosi wake mwenyewe. Nikasema basi naye asainiwe. Amekunja kofia yake ya kazi, akaikunjua, akaikunja tena. Kisha kasema haombi hisani katika nchi aliyozaliwa. Nampenda mwanamke huyu, ila kiburi chake kingekuwa kitambaa ningevisha makochi ya mji mzima.

Alhamisi, 6 Machi

Sijui niandike au nisiandike. Naandika. Daftari hili hulala ndani ya gunia la sponji chakavu, hakuna mwenye hamu nalo.

Nimefumua kiti. Viti hutoa vitu, hiyo ndiyo siri ya ufundi wetu. Kalamu, pete, vijiti vya meno, mara moja meno ya bandia (mwenyewe aliyakana mbele yangu, akiwa hana meno). Leo nilikuwa nachana bitana ya mgongoni, nikaona upande mmoja umeshonwa kwa mkono. Uzi tofauti. Mshono mrefu, mfupi, mrefu — nyayo za mlevi. Si kazi ya fundi. Nikatia mkono. Kitabu kidogo, kigumu.

Pasipoti. Na si ya kwetu!

Ni ya ile nchi ya baridi anayoitukana jukwaani kila wiki. Picha ni yeye. Jina ni lake. Uraia — wa huko. Imetolewa upya mwaka jana mwezi wa sita, mwezi uleule alioshika bendera na kulia machozi, akisema mwenye uraia wa pili ni msaliti. Sheria ya uraia mmoja ni yake. Uhakiki ni wake. Foleni ya mke wangu ni yake.

Shule niliishia darasa la sita, lakini pasipoti nazisoma kuliko profesa. Nimeisoma mara tano. Nikakaa juu ya mabaki ya sponji nikacheka mpaka mbavu zikauma. Kisha nikaenda kufunga mlango.

Kwa nini aifiche kwenye kiti? Nadhani ni mahali pekee nchi hii ambapo hakuna mwingine anayethubutu kukaa.

Ijumaa, 7 Machi

Sijamwambia mtu. Hii ni rekodi. Mimi nikinunua soksi mtaa mzima unajua rangi.

Saa nne kaja mteja. Viatu vinang'aa hadi unajiona pua. Anaulizia bei ya makochi. Sawa, lakini anayetaka kochi hulibonyeza, hulikalia, hulalamika. Huyu amesimama tu, macho kwenye kiti cha Mheshimiwa. Kile kina ugonjwa gani? Uzee, nikasema. Akauliza kama nimeshakifungua chote. Nikasema bado, mgongo unanisumbua, labda kesho. Akatazama bitana iliyolala sakafuni. Akatazama uzi niliouning'iniza shingoni. Akaaga bila hata kuuliza bei mara ya pili.

Alipopita nje, Mwalimu Mstaafu alimsalimia "afande". Kamjuaje?

Pasipoti nimeihamisha mara tatu leo. Kwenye kopo la gundi. Kwenye soli ya kiatu changu cha zamani. Sasa iko mahali ambapo hata hapa sitaandika.

Jumatatu, 10 Machi

Siku tatu sijalala vizuri. Ninapanga kama jenerali. Naipeleka kwa wenye magazeti. Hapana, naipeleka kwake mwenyewe, namwambia shika chako, nipe kadi ya mke wangu. Naona kabisa nilivyosimama, kifua mbele. Halafu naona wenye viatu vinavyong'aa nyuma yangu, na kifua kinarudi ndani.

Nimemwuliza Mwalimu Mstaafu kuhusu yule afande. Eti alimfundisha darasa la tatu. Inawezekana, kafundisha nusu ya mji. Lakini alijibu haraka mno. Au ni mimi? Nimeanza kumshuku hata paka wa jirani, kila nikigeuka ananiangalia.

Mchana kaja Shemeji. Kakaa juu ya gunia la sponji — lile lenye daftari hili! — akizungusha ufunguo wa gari kidoleni. Mheshimiwa kapiga simu kutoka huko aliko. Kauliza nani aliruhusu kiti kitoke. Ofisi nzima ilinyoosha kidole kwa dereva. Sijawahi kumwona Shemeji na midomo mikavu vile.

Akasema, "Shemeji, kirudi kama kilivyokuwa. Usiguse vya ndani."

Nikamwuliza ndani kuna nini.

"Sijui. Na wewe hujui."

Ana watoto watatu. Kadi yake imetiwa saini na mkono wa Mheshimiwa. Mheshimiwa akianguka kesho, kadi za kwanza kufukuliwa ni hizo alizosaini, na babu wa Shemeji ni babu yuleyule wa mke wangu. Kwa hiyo nikimwinua mtoto mmoja wa mama mkwe wangu, namzika mwingine. Hesabu gani hii? Hata kama ningefika darasa la saba nisingeiweza.

Jumatano, 12 Machi

Nimeirudisha.

Asubuhi nimefunga mlango, nikaiweka palepale. Nikajaribu kushona kilevi kama nilivyokuta — mrefu, mfupi, mrefu. Mkono umekataa! Nikishona mrefu, unaofuata unanyooka wenyewe. Nimefumua mara nne. Mwisho nimeacha, mshono umetoka mzuri, hauonekani, wa kufundishia vyuoni. Saa sita wamekuja kukichukua. Kimependeza. Bunge Dogo wamekipigia makofi, kwa dharau, lakini makofi ni makofi.

Saa tisa nilikuwa nakunywa maji. Glasi ikanitoka mkononi.

Nimesaini!

Miaka ishirini, kila kazi yangu naitia saini ndani, kwenye mbao, kwa penseli ya bluu: "Kazi ya Daktari wa Makochi", na tarehe. Ili fundi mwingine akifungua siku moja ajue alipita mtu. Leo nimesaini bila kufikiri, mkono ulijiendea. Kwenye ubao wa mgongo. Vidole vitatu kutoka kwenye pasipoti.

Na yeye anatua leo jioni.

Ijumaa, 14 Machi

Jana kimya. Leo saa kumi Shemeji kaja nyumbani na bahasha.

Kadi ya mke wangu. Mpya, ya kung'aa. Raia. Hakuna cheti cha babu, hakuna alama za vidole. Picha wameitoa kwenye kitambulisho chake cha hospitali, ile aliyopigwa akiwa na mafua. Siku nne za foleni hawakumwona. Sasa wamemwona bila yeye kwenda.

Shemeji hakukaa. Salamu za bosi wake kazitoa akitazama ukuta. Mheshimiwa ameusifu mkono wangu. Kasema kazi kama ile hajawahi kuiona. Anataka nikampimie makochi ya nyumbani kwake, Jumapili asubuhi. Gari litanifuata. Niende peke yangu, vifaa vipo huko huko.

Vifaa vipo huko! Fundi gani aliwahi kuambiwa asibebe mkasi wake?

Mke wangu ameisoma kadi mbele na nyuma, kama anavyosoma chati ya mgonjwa. Kauliza nani aliyeomba.

"Dada, pokea tu," Shemeji akasema. Akaondoka bila hata kunywa maji.

Nilidhani atafurahi. Ameiweka mezani, akasogeza kiti mbali nayo. Akanigeukia.

"Wewe bwana, umemfanyia nini yule mtu?"

Nikasema nimemshonea kiti. Nikatia na mzaha kidogo, wa makalio ya wakubwa. Mzaha ukaanguka chini, ukabaki hapo.

Jumamosi, 15 Machi

Sikufungua karakana. Nimemwambia yote, tangu mshono wa mlevi mpaka penseli ya bluu. Hakunikatiza. Nilipomaliza kauliza kitu kimoja tu: mdogo wake anajua? Nikasema hajui. Au hataki kujua. Sijui.

Amepiga pasi sare yake ya kazi. Kesho si zamu yake.

Jumapili, 16 Machi

Saa mbili na robo. Gari jeusi limesimama mbele ya nyumba tangu saa mbili kasoro. Injini haijazimwa. Shemeji yuko kwenye usukani, anatazama mbele kama mtu anayepigwa picha. Vioo vya nyuma ni vyeusi, sioni kama kuna mtu.

Nilikuwa nimeshavaa shati safi. Nimemwambia mke wangu, kama sirudi mchana, penseli zangu na mikasi ampe Mwalimu Mstaafu auze — halafu nikakumbuka kwamba Mwalimu simwamini. Nikasema basi, asimpe mtu. Hakucheka. Alikuwa anafunga vifungo vya sare, kimoja kimoja hadi shingoni. Akavaa kofia. Akachukua kadi mezani, mara ya kwanza kuigusa tangu Ijumaa.

Nikasema unakwenda wapi, wameniita mimi. Akasema nimpishe mlangoni. Kwa sauti ile ya wodini. Wanaume wazima huipisha sauti hiyo, nami ni mwanamume mzima.

Naandika nikiwa dirishani. Majirani wametoka, wanajifanya wanafagia. Amefika penye gari. Hakwenda kwa mdogo wake. Shemeji amemwita "Dada!" — nimemsikia hadi hapa — hakugeuka. Amesimama penye kioo cha nyuma, mgongo wima, kadi mkononi. Anagonga. Mara mbili, kwa kifundo cha kidole.

Kioo kinashuka. Kuna mtu! Simwoni uso, naona mkono tu, saa ya dhahabu. Mke wangu ananyoosha kadi ndani. Mkono hauipokei. Bado ameinyoosha. Anasema kitu, kirefu, sisikii. Wanaofagia wameacha kufagia.

Sasa mlango wa nyuma unafunguka.

Viatu vyangu viko wapi —