Saa ya Dagane Haikuibwa

Bula Iftin,
Garissa.
9 Novemba 2024

Mpendwa Guled,

Assalaamu alaykum. Mashine ya saa ya baba yako haikuibwa. Niliigeuza mimi, kwa mikono yangu, na nimekuficha miaka tisa. Nimelitanguliza hili kabla ya kuulizana hali kwa kuwa najua husomi barua hadi mwisho.

Sasa, hali zenu huko Minneapolis? Saynab mkeo mgongo umepoa? Watoto wanasoma? Mimi mafigo yamekataa. Nasafishwa damu mara mbili kwa wiki, na daktari ameacha kunitania. Uvumilie mwandiko.

Nakuandikia kwa sababu wiki iliyopita ulimpigia simu baba yake Yahye, kule Bute, ukamwambia mwanawe asimwoe Hinda kwa kuwa Hinda ni binti wa mwizi. Harusi ni mwezi ujao. Msichana ni mwalimu, hajakukosea kitu, hata sura yako anaijua kwa picha tu. Una roho gani wewe?

Kumbuka ilivyoanza. Ndugu yangu Dagane alipofariki, hukuuliza alizikwa wapi. Uliuliza kama saa yake, ile yenye vitufe viwili vya kupimia muda, ni ile iliyotengenezewa marubani. Uliniandikia kwamba hizo ni chache duniani, na mashine yake ina rangi ya shaba. "Kama ni ya kawaida, adeer, ami yangu, mpe mtu yeyote hapo sokoni." Baba yako aliivaa saa hiyo miaka thelathini katika soko la mifugo. Mkanda ulikuwa bado na jasho lake. Nawe ukaitaka kwa masharti.

Niliifungua. Ilikuwa ya kawaida, mashine nyeupe kama bati. Nikasema moyoni: anataka ya marubani, nitampa ya marubani.

Nilifundisha fizikia kabla ya kufungua duka la saa, na elimu yote niliimalizia hapo. Nilisugua maandishi ya zamani kwa jiwe laini, nikagonga namba mpya, tarakimu moja moja. Nilitoa kiwenzo cha chuma katika saa mbovu, nikakitia ndani ili mshale wa sekunde usimame mtu akivuta kifundo cha pembeni cha kurekebishia saa, kama zifanyavyo zile za marubani. Kisha nikayaloweka mabamba ya juu ya mashine katika maji ya mrututu, ule wa kuoshea kwato za mbuzi, nikaunganisha betri za tochi mpaka shaba ikashika. Nilifurahi, Guled. Haijapata kutoka kazi safi kama ile dukani kwangu.

Kulow, mume wa dada yangu Anab na baba yake Hinda, akaingia akaniona.

"Shemeji, saa ya marehemu unaipaka hina! Unaiozesha wapi?"

"Kwa Guled. Na ufunge mdomo."

Akacheka, akaufunga. Yeye ndiye aliyekukabidhi saa hiyo Nairobi, akidhani nimeipamba tu.

Miaka miwili baadaye mtaalamu wako akaifungua, akakwambia ni mashine ya kawaida iliyovalishwa, na kwamba tarakimu ya nne imekaa upande. Mtu mwenye akili angemuuliza fundi wa ukoo. Wewe hukuweza kukubali kwamba baba yako alivaa saa ya kawaida. Ukasema ya kweli ilitolewa njiani, na aliyekuwa njiani ni Kulow.

Wazee wakakaa Hadado, wewe ukiwa kwenye simu juu ya mkeka. Shahidi hakuwepo, ikabaki kiapo. Maneno uliyatunga wewe: aape kwamba hakuiba, na kwamba hamjui aliyeigusa. Kulow akaweka mkono juu ya Msahafu. "La kwanza naapa," akasema. "La pili siapi." Hakunitazama. Wala hakuna aliyemuuliza kwa nini, maana kwetu anayekataa kiapo amekwisha kukiri. Anab akarudishwa nyumbani kwetu. Kulow akahamia Diff, na yuko huko hadi leo, peke yake, kwa sababu hakutaka kumwapia Mungu uongo wala kulitaja jina langu.

Ukimaliza kusoma, mpigie baba yake Yahye. Usizungukezunguke, mwambie ulikosea. Wazee nitawaambia mwenyewe Ijumaa, hata nikibebwa. Na ukitafuta wa kumchukia, mimi nipo, ingawa si kwa muda mrefu.

Wasalimie Saynab na watoto. Timiro, mdogo wao, unibusie. Anab hakusalimii, nilimuuliza. Mwenyezi Mungu akupe moyo mpana kuliko huu wangu.

Nimebakiza moja. Kila Ramadhani unamwombea dua marehemu Mzee Khalif, kwa sababu unaamini ndiye aliyesimama wa kwanza siku ile ya kiapo na kusema, "Asiyeapa ni mwizi." Simu yako ilikuwa ikikatikakatika, sauti hukuitambua. Karani wa kikao nilikuwa mimi, na jina la Khalif niliandika mimi. Khalif hakufungua mdomo kutwa nzima. Aliyesimama ni mimi.

Adeer yako, akupendaye kwa shida,
Mohamednoor