Nimewasugua Wafalme wa Baba Mkwe

Kosa la wengi wanaotunza vitu vya kale ni kudhani kwamba kila cheusi ni kichafu. Msomaji wetu wa leo amelifanya, na sasa hali wala halali.

*Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi. Baba mkwe wangu, mwalimu mstaafu wa historia, amekusanya dinari kumi na moja, sarafu za fedha za Warumi wa kale, kila moja ina sura ya mfalme wao, naye huwaita "wazee wenzangu" na kuwasalimia asubuhi kabla hajatusalimia sisi, na alipokwenda kwa wifi yangu kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho alinipa mimi ufunguo wa kabati, akasema, "Mwanangu, huu sijampa hata mumeo," nami kwa kutaka kumfurahisha, akirudi Jumamosi na macho mapya awaone waking'aa, nikazisugua zote kwa majivu na limau mpaka zikawa nyeupe kama vijiko vya wageni, kumbe yule mwenye ndevu hana ndevu tena, na yule mwenye pua ya mwewe amebaki na shavu tu.*

*Nilipomwonyesha mume wangu alikaa chini, kisha akasema, "Mama Pacha, umewanyoa wafalme! Lete dawa ya viatu tuwarudishie weusi wao, mzee hatajua." Tumeshampaka mmoja. Jana baba mkwe alipiga simu anacheka, eti sasa anaona hata sisimizi ukutani, akauliza, "Wazee wenzangu hawajambo?" nikajibu, "Hawajambo, baba," na tangu hapo simu ikilia moyo unanipasuka. Huyu alinipokea kama binti yake. Nitamtazamaje?*

*Mkwe mwenye hofu*

Mwanangu, vuta pumzi kwanza. Hukuiba wala hukuharibu kwa chuki. Ulipenda bila kuuliza, na hilo limewaponza wengi.

Nikueleze ulichokiondoa. Fedha ikikaa karne nyingi hufanya utando mweusi, nao ukituama kwenye mikunjo ya nywele na midomo ndipo sura inapoonekana vizuri. Wakusanyaji huulinda utando huo kama ngozi ya mtoto. Majivu yana chembe ngumu, hula hadi fedha yenyewe. Ndevu za namna hiyo zikilika hazioti tena.

Sasa nikugombeze. Majivu yalikuwa ujinga. Dawa ya viatu ni uongo. Mumeo anadhani mtu aliyewaamkia wazee hao kila siku kwa miaka, tena leo anaona sisimizi, atadanganywa na rangi? Atamtambua huyo mmoja kabla hajaketi. Hapo hatazililia sarafu, atakulilia wewe. Unaogopa umeshapoteza imani yake. Bado. Utaipoteza akigundua mwenyewe.

Basi usizioshe tena, hata huyo aliyepakwa usimfute. Mwenye mali ndiye ataamua. Zishike ukingoni, kila moja uifunge katika karatasi yake kavu. Mumeo asiwe msemaji wako. Mzee huenda akanyamaza, huenda akafoka. Vumilia, wala usijitetee kwamba ulikuwa na nia njema. Hilo atalisema mwenyewe siku akiwa tayari.

Leo hii, mchana, mpigie baba mkwe umwambie: "Baba, nilizisugua zote, na mmoja tumempaka dawa ya viatu."