Sijarukwa na Akili, Mama Hawa

Makambako,
Ijumaa, baada ya swala.

Mke wangu Mama Hawa,

Assalaam alaykum. Nimetanguliza salamu kabla ya hasira, kwa sababu salamu ni haki yako, na hasira si yako yote. U hali gani? Mama yangu anaendeleaje na miguu yake? Hawa amepona ile homa? Na uwele je, mmevuna au ndege wamewatangulia? Huku baridi imeshika kwelikweli. Asubuhi majani ni meupe kwa umande ulioganda, na watu wanaota moto hata mlangoni mwa msikiti. Mimi ni mzima. Nakula, nalala, naswali. Hayo nimeyaandika kwa makusudi, ili uyasome kwa sauti mbele ya kaka yako Issa.

Barua yako nimeipata. Niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Unasema Issa alipita Makambako na vitunguu vyake akienda Mbeya, akanikuta nyuma ya gereji nimekaa peke yangu ndani ya lori lililozimwa, mikono kwenye usukani, jasho linanitoka, macho mbele kama ninayeendesha. Alinisalimia, nikamwambia, "Niache kwanza." Basi. Kwa maneno hayo mawili amerudi Kondoa akaita kikao, na kikao kimeamua kwamba nimerukwa na akili, niletwe nyumbani nikafungiwe kwa mganga, na nikikataa nikuandikie talaka. Na wewe, Zaina, umeyaandika yote hayo kwa mwandiko wako mzuri, bila hata mstari mmoja wa kuuliza, "Baba Hawa, ni kweli?"

Hilo ndilo lililoniuma. Issa namjua, anaona mkia wa mbuzi anatangaza ng'ombe. Lakini wewe umeishi na mimi. Ningekuja mlevi ungeuliza. Ningekuja na mke wa pili ungeuliza, na zaidi ya kuuliza. Kwa nini hili hukuuliza?

Kwa kuwa hukuuliza, nitakueleza, na nakuomba uyasome mpaka mwisho.

Ile ajali ya lori nilikuandikia kwa kifupi ili usipate wasiwasi. Ilikuwa hivi. Zamani, nilipokuwa kwenye magari ya kampuni ya mkoa, gari halikutoka getini mpaka fundi aingie chini yake. Kampuni ikafa, magari yakauzwa, na sasa ni ruksa kwa yeyote kununua lori lililochoka akaitwa tajiri. Huyo tajiri wangu nilimwambia breki zinasita. Akaniambia, "Shabani, nimeajiri dereva au fundi? Mbao zinasubiri." Tukatoka Matembwe tumejaza mbao, mimi na utingo wangu Sanga, Mkinga mtu mzima, asiyependa maneno mengi. Barabara ilikuwa imelowa. Kwenye mteremko mrefu unaoshuka mpaka darajani nikakanyaga breki, mguu ukazama kama nimekanyaga uji. Nikarudisha gia, gari likalia tu. Darajani walikuwapo wanawake wanatoka shamba na mizigo kichwani. Nikaona heri tulilaze lori kuliko kuwapitia wale. Nikaliingiza lori kwenye ukingo wa udongo, likaangukia upande wa Sanga. Wanawake walipona. Sanga alivunjika mguu. Mimi sikupata hata mkwaruzo wa kuonyesha watu. Tajiri alikuja akalia kwa sababu ya lori lake, lakini kumtazama Sanga hakwenda hata siku moja. Mpaka leo nikikutana na tajiri huyo sokoni namsalimia kwa kuwa dini imeniamuru, basi.

Ugonjwa ulikuja baadaye. Nilipata gari lingine, zima, la mtu mwingine. Nilipofika kwenye mteremko wa kwanza moyo ukaanza kupiga kama mlango unaogongwa na askari, vidole vikafa ganzi, pumzi ikakatika. Nikasimamisha gari, nikashuka, nikakimbilia ndani ya mahindi ya watu. Nilijua nakufa. Ikatulia. Siku nyingine ikarudi, tena ikarudi hata nikiwa abiria kwenye basi. Mwisho ikawa nikisikia tu breki za lori zinapuliza hewa pale njia panda, nashika ukuta. Nikaacha gari. Nikawa napakia magunia ya viazi sokoni. Wenzangu wakaniita dereva wa miguu. Wengine, Waislamu wenzangu kabisa, wakanishauri nipige ulanzi, pombe yao ya mianzi, moyo utulie. Hayo sikukuandikia. Ningeandikaje, mwanamume niliyekuoa kwa kazi ya usukani?

Nilidhani ni moyo. Nikapanda baiskeli mpaka hospitali ya misheni, maana basi lilinishinda. Daktari alinipima, akasikiliza kifua, akasema, "Moyo wako mzima. Nenda kaonane na Mama Mligo." Nilitoka pale nimefura. Nilijua ananiita mwongo kwa adabu.

Mama Mligo ni muuguzi wa makamo, Mbena, aliyekwenda kusomea tiba ya watu wa namna yangu. Nilipoingia nikamsalimia kwa Kibena, "Kamwene", akafurahi, akanionyesha kiti. Nilikunja mkono wa shati kabisa nikisubiri sindano. Hakuwa na sindano. Hakuwa na vidonge. Alikuwa na maswali. Ilianza lini, ikija unahisi nini, unafanya nini ili iondoke, umeacha kufanya mambo gani kwa sababu yake, na ungependa ukipona ufanye nini. Nilijibu kwa mkato kwa sababu nilikuwa nimekasirika.

Akauliza, "Ukiuona mteremko, kichwani linapita neno gani?"

"Kwamba nakufa."

"Utakufaje?"

"Moyo utapasuka."

"Leo umekuja na nini?"

"Baiskeli."

"Kutoka Makambako, na vilima vyote hivyo. Moyo ulikuwaje kwenye vilima?"

"Ulikuwa unapiga sana."

"Ulipasuka?"

Nikamwambia, "Mama, kama umeniita unifanyie mzaha, mimi narudi."

"Sikufanyii mzaha, baba. Nakuuliza ili tujue wote wawili."

Halafu akanieleza kwamba wazo, mwili na kitendo vinavutana. Wazo linasema nakufa, mwili unaitikia kwa kupiga moyo, mimi nakimbia. Na nikikimbia, wazo linapata ushahidi kwamba kweli nilikuwa nakufa na miguu ndiyo iliyoniokoa. Kesho linakuja na nguvu zaidi. Akasema hatanituliza yeye. Kila wiki tutakaa kwa muda, tutakubaliana jambo la kwenda kujaribu, nami nitakwenda kulijaribu mwenyewe, kisha nije tuseme limekuwaje. Hakunificha kitu. "Mwanzoni utaona umezidiwa," akasema. "Wengi hukimbia hapo, wakasema tiba ni mbaya."

Unaweza kudhani nilifurahi. Niliendesha baiskeli mpaka nyumbani nikitukana vilima. Mtu mgonjwa, anaambiwa kazi ya kumponya ni yake mwenyewe.

Lakini nikajaribu. Kwanza kupanda kilima kwa kukimbia, makusudi, moyo upige, nisimame niusikilize mpaka ushuke wenyewe. Ulishuka. Kisha fundi Mlelwa wa gereji akaniruhusu kukaa ndani ya lori alilokuwa analitengeneza. Sharti lilikuwa nikae na hofu mpaka ipungue yenyewe. Nisishuke, nisifungue redio, nisiite mtu wa kupiga naye soga ili nijisahaulishe. Kama ningemgeukia mtu, kazi yote ya siku ile ingeharibika. Na hapo ndipo alipokuja kaka yako, hofu imepanda imefika kooni, akaniletea habari za bei ya vitunguu.

Ndiyo maana nikamwambia aniache kwanza. Kwanza, Zaina. Maana yake kuna baadaye. Angenisubiri kidogo ningeshuka, tungekunywa chai, ningemweleza. Hakusubiri. Aliona jasho la mtu anayefanya kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya, akaliita wazimu.

Kweli hofu ilizidi kabla haijapungua. Nikaacha kwenda kwa Mama Mligo. Nilipochoka kupakia viazi nikarudi, nikitegemea kugombezwa. Mama Mligo aliuliza tu, "Safari hii ulikuwa unakimbia nini?" Likanitoka jambo ambalo sikujua nilikuwa nalo. Nilisema, kila atakayepanda gari langu ataumia, na Sanga anajua, ndiyo maana ananichukia.

"Amekuambia anakuchukia?"

"Hapana. Najua."

"Unajua, au unadhani? Kamuulize."

Sanga anakaa Njombe, mtaa wa Ramadhani, kwa binti yake. Nilikwenda kwa basi, nimeshika kiti cha mbele mpaka vidole vikauma, lakini nilifika. Nikamkuta juani anachonga mpini wa jembe, mguu umenyooshwa. Nikamuuliza bila kuzunguka, "Sanga, unanilaumu?"

"Nakulaumu."

Nikasema moyoni, haya.

"Nakulaumu kwa kuacha gari," akasema. "Mimi na mguu huu nani atanipa kazi ya utingo, kama si wewe? Nimekaa hapa nachonga mipini nikingoja upone. Unapona lini?"

Nilicheka mpaka binti yake akatoka kutazama.

Jumanne iliyopita mimi na Sanga tulikwenda na lori barabara ya Matembwe. Lori ni la mtu mmoja wa Njombe anayesikiliza akiambiwa habari za breki. Mimi na Mlelwa tulizikagua wenyewe, na Mama Mligo aliniunga mkono, akasema kuogopa breki mbovu si ugonjwa, hiyo ni akili. Tulipofika juu ya mteremko ule ule wa daraja, yote yalinirudia, ganzi, pumzi, mlango unagongwa. Nikapunguza mwendo. Sanga akaangalia mbele tu, maana nilimkataza kunituliza. Wazo likasema nakufa. Nikalijibu kwamba limesema hivyo siku zote na bado nipo. Nikaingiza gia ndogo, tukashuka. Hofu ilishuka na sisi njia nzima, sikudanganyi, lakini haikushika usukani. Tulipovuka daraja Sanga akasema, "Gia ya pili inalia, mwambie fundi." Hayo tu ndiyo aliyosema.

Sasa wapelekee wana kikao majibu yangu. Kwa mganga siji. Dua za mama yangu nazitaka, za sheikh nazipokea, lakini sifungiwi ndani ya kibanda cha mtu kwa sababu Issa alinyimwa salamu. Na talaka siandiki. Wao hawakunioa, hawawezi kuniacha. Ukiitaka wewe, kwa mdomo wako, njoo uniambie ana kwa ana, nitakusikiliza kama ninavyopaswa kukusikiliza.

Lakini ningependa uje kwa jambo jingine. Mama Mligo anasema mwenza akija inasaidia. Usiogope, ndiyo maana nimekueleza yote kwa urefu. Hatakuuliza kama nina jini. Atakuuliza uliona nini nilipokuja nyumbani likizo, na kwa nini nilikuwa nakwepa gari nakwenda mnadani kwa miguu. Atakufundisha kutonihurumia mahali ambapo huruma inanirudisha nyuma. Utakasirika, kama mimi. Kasirika, lakini ukae mpaka mwisho.

Msalimie mama yangu, mwambie mwanawe ana akili zake zote na baridi tu ndiyo inayomsumbua. Msalimie baba mkwe kwa heshima, yeye najua hakukaa kwenye kikao kile. Msalimie dada yangu Mwanahamisi anayekusaidia shambani, na jirani yetu fundi cherehani. Hawa mbusu, umwambie asome. Hata Issa msalimie, ni mjomba wa mwanangu.

Naishia hapa kwa sababu Sanga amekuja kunichukua tukaangalie matairi.

Ni mimi mumeo, ambaye kesho alfajiri anakwenda Matembwe kupakia mbao,

Shabani, Baba Hawa.