Athian Hakuanguka kwa Damu

Kwako kaka yangu Madut,

Salamu nyingi, nyingi mpaka mikono ichoke kuzipokea. Ng'ombe hawajambo? Nyasi zimeota? Wake zako na watoto nao wazima? Usicheke kwamba nimeanza na ng'ombe. Miaka thelathini nakaa Uhabeshi na bado sijaharibika. Mimi mdogo wako ni mzima, meno yamebaki manne, ila ni yale yale ya kutafunia nyama. Barua hii naandika mwenyewe kwa herufi nilizofundishwa kanisani. Zikikaa ovyo kama mbuzi walionyeshewa, mpe mwalimu akusomee, na umwambie asiruke hata moja.

Kaka, ile hadithi uliyopigiwa simu siyo. Wote wanaikosea. Wanafunzi wanaikosea, na mpishi wa chuo anaikosea kuliko wote, tena siku ile hakuwepo. Wanasema mwanao Athian, mtu wa kusomea udokta wa wanyama, aliona damu akaanguka kama gunia. Sasa nani anayelisha na kusafisha ng'ombe wa chuo hiki kama si mimi? Nani alisimama mlangoni siku ile? Nisikilize mimi.

Kwanza ujue alivyoishi. Alipofika, alikishinda kitanda kwa urefu, miguu ikatokea dirishani, ndege wakatua wakidhani ni matawi. Wenzake wakamwita Ngazi. Walikuwa wakimwambia, "Ngazi, huko juu mvua inanyesha?" naye anawajibu kwamba huku juu harufu ya miguu yao haifiki. Chakula chao kichachu kilimsokota tumbo mwezi mzima. Darasani lugha moja, sokoni nyingine, na ya kwetu akaja kuisema kwangu zizini, jioni, akikamua ng'ombe ambaye yeye hakutumwa kumkamua. Miaka minne, kaka. Alishika vitabu mpaka walimu wakawa wanamwita yeye kila ng'ombe anapokwama kuzaa. Nyumbu wa padri, yule wa kubeba mizigo, alikuwa ameshachimbiwa shimo, Athian akamwinua. Padri akataka kumbatiza tena, kwa furaha.

Mimi nilikuwa namtania. Nilimwambia wewe sasa ni mtu wa karatasi, yule maksai wako Marial uliyepewa na baba yako ulipotimia kuwa mwanaume umeshamsahau, hata wimbo uliomtungia huujui. Alikuwa anacheka tu. Siku moja akaacha kucheka, akaniimbia wimbo wote, mikono juu kama pembe, katikati ya mavi ya ng'ombe. Nilienda nyuma ya banda nikapenga kamasi.

Sasa ilipofika zamu ya darasa lao kupasua ng'ombe mzima, waone maradhi yanavyokaa ndani, zizini kulikuwa na madume wawili wa kazi hiyo. Mmoja mwekundu. Wa pili mweusi mwenye baka jeupe ubavuni, Marial mtupu, kama pacha wa yule wa kwenu. Athian alimwona. Kisha akaniomba. Akasema, "Baba mdogo, nakuomba kitu kimoja, umtoe yule mwekundu akachinjwe." Nikasema sawa.

Asubuhi wanafunzi wakaingia, makoti meupe, zaidi ya ishirini. Dume ameshachinjwa, yuko chini sakafuni. Mwalimu akampa Athian kisu cha kwanza kwa sababu ndiye hodari wao. Athian akatazama chini. Alikuwa yule mweusi, rangi ya maksai wake Marial. Hakuanguka, kaka! Alisimama wima. Alikilaza kisu mezani polepole, akanawa mikono, akavua koti akalikunja vizuri. Mwalimu akamuuliza anaumwa? Akajibu kwamba haumwi, ila huyo hawezi kumkata, apewe ng'ombe mwingine yeyote. Wale wakacheka. Mmoja akasema Ngazi imevunjika. Mwalimu akasema arudi wiki ijayo, atapata mwingine. Mambo yangeishia hapo.

Lakini simu ilikufikia kabla ya wiki ijayo. Na wewe ukampigia mwanao ukamwambia kwamba mtu anayeogopa damu hana ng'ombe kwako, Marial utampa mdogo wake. Alikuja zizini na ile simu bado mkononi. Hakulia. Alifungasha, akapanda basi la kuelekea mpakani. Alisema nikusalimie, nikwambie hakukasirikii.

Kaka, kuna neno limenikaa kooni. Alipotoka mle ndani alinijia akaniuliza, "Baba mdogo, ni wewe uliyemtoa?" Nikamwambia ni karani wa chuo. Ni mimi. Mwekundu alikuwepo, mzima, anakula majani. Nilimtoa huyo pacha wa Marial makusudi, kwa utani, nione kama kijana wa vitabu bado ni mtu wetu. Nilishajiandaa kucheka. Basi nimeona. Yeye ni mtu wetu, na mimi niliyebaki na ng'ombe siku zote ndiye niliyempeleka Marial kwa mchinjaji.

Usimpe mtu yule maksai. Athian yuko njiani. Akifika amkute kwenye kigingi chake, umempaka majivu ya kumpamba, na wewe umesimama karibu. Ukitaka wa kumtukana, nipo mimi, nimezoea.

Nisalimie shemeji zangu wote, wale wafupi na wale warefu, na ndama nisiowajua.

Mdogo wako mpenda maneno,
Lueth

Kaka, neno moja nimelitunga. Ndege dirishani ni kweli, padri ni kweli. Ila hakusema nikusalimie. Alichukua kamba iliyokuwa shingoni mwa yule dume mweusi, akaizungusha mkononi, akapanda basi bila kugeuka.