Sauti Iliyokuwa Nyuma ya Gari la Kaka Magesa

Pasiansi, Mwanza

Mama yangu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Natumaini siku hizi unakula hata jioni. Mimi ni mzima. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu tunaishia kulia sote wawili, nawe uliniuliza kama ni marehemu Kaka Magesa anayelia ndani ya gari lake. Najua umekataa kulipanda hata kwenda kumwekea msalaba, na kule kwa babu alikozikwa hutafika kwa miguu.

Baba mdogo alilifikisha hapa gereji Jumatatu. Aliweka funguo mezani bila kunitazama.

"Likikolea mwendo linaanza. Tangu Bunda nimekuja nikisali."

"Ulipima mafuta ya difu, Baba?"

"Nimepima imani tu. Mkishindwa, liuzwe."

Nililiendesha peke yangu. Sikulaumu, Mama. Sauti inatokea nyuma, chini, kama mtu anayeimba amefunga mdomo. Kaka aliimba hivyo akinawa grisi kwa sabuni ya unga.

Kesho yake nikaliinua kwa jeki, nikamwaga mafuta ya difu, ile gia kubwa iliyo katikati ya magurudumu ya nyuma, yakatoka yanameta vumbi la chuma. Difu haichomoki mpaka shafti za magurudumu ya nyuma zivutwe nje. Ya kushoto ilikuja. Ya kulia ikagoma.

"Dada Nyangeta, iombe kwa Kijita cha kwenu," akanitania Bahati, fundi mwenzangu.

Nikaiomba kweli, kimoyomoyo, ikatoka.

Beringi mbili za pembeni mwa difu hushikwa na vifuniko vya chuma, kila kimoja na upande wake. Ukivibadilisha pande, beringi mpya hazidumu. Kaka alinifundisha kugonga alama kabla ya kufungua: nukta moja kushoto, mbili kulia. Nikashika nyundo na msumari mgumu, nikamulika. Nukta zilishakuwepo. Zile mbili zilikuwa zimepinda, kama alivyogonga siku zote kwa sababu ya kidole alichobanwa na mtumbwi utotoni.

Sikujua kama aliwahi kuifungua difu ile. Nilibaki chini ya gari mpaka Bahati akauliza kama nimelala.

"Natafuta spana."

Aliiona iko kando yangu. Akaenda kuninunulia chai.

Beringi alizoweka yeye zilikuwa zimelika. Ndizo zilizolia. Nimeweka mpya, na vifuniko nimevirudisha kwa kufuata nukta zake. Nimelipeleka hadi Misungwi na kurudi, halilii tena.

Hilo ndilo jibu langu, Mama, ni chuma kilichokuwa kimechoka. Lakini sitakuficha: njia nzima nilizima redio nikawa namsikiliza, na ule ukimya uliniogopesha kuliko sauti yenyewe. Kabla ya kona niligeukia kiti cha kushoto kumuuliza Kaka kama anasikia tofauti.

Jumamosi nitakuja nalo. Ukikataa, Baba mdogo aliuze, sitakulazimisha.

Nisalimie shangazi anayelala nawe, na wifi yangu, mwambie sijamsahau yeye na watoto. Msalimie pia katekista anayekusomea barua hii.

Ukikubali kupanda, usikae nyuma na wengine. Kaa mbele, karibu nami, nisikione kile kiti kikiwa kitupu.

Mwanao akupendaye,
Nyangeta