Neno Alilolitaka Mama

Barking, London
Jumapili, baada ya ibada

Yaya Zawadi,

Jambo sana dada yangu. Shemeji na watoto wako salama? Na miguu ya Mama, imeacha kuvimba? Mimi nipo, napumua, Mungu ashukuriwe. Baridi ya huku imeniingia mpaka kwenye magoti, lakini magoti si habari. Habari ni kwamba nimemwona yule kamanda wa waasi. Kaa chini kwanza ndipo uendelee kusoma.

Kazi yangu unaijua, nalinda maegesho ya magari kwenye ukumbi wa sherehe. Pale mlangoni kuna mti wa kizuizi, mwekundu kwa mweupe, nikibonyeza kitufe unainuka. Ndiyo, cheka tu. Polisi wa mpakani kavuka bahari kuja kuinua mti uleule.

Jana kulikuwa na arusi ya Wakongo wenzetu. Nimesimama kwenye mvua, likaja gari jeusi, kioo cha nyuma kikashuka, na ni yeye. Amenenepa, kavaa suti. Siku hizi ni mheshimiwa huko Kinshasa, waasi wamekuwa serikali, na mimi niliyewapokea ndiye niliyekimbia nchi. Haya.

Mtu huyu nimemngoja tangu mwaka ule wa tisini na nane! Si wewe uliyeniambia kwenye simu maneno ya Mama? Kwamba hatanisemesha mpaka yule niliyemfungulia aseme kwa kinywa chake kuwa aliniahidi. Mji mzima unasema niliwauza. Siku ile pale kwenye kizuizi cha mpakani tulikuwa wawili tu, mimi na yeye. Wakubwa zangu walishakimbia na gari la kituo, wakaniachia bunduki isiyo na risasi. Akaniambia, "Inua, na hakuna raia atakayeguswa." Nikainua. Nikafunga na kitambaa cha waasi mkononi, nikawaita watu washuke kutoka milimani warudi majumbani, wakashuka kwa sababu ni mimi niliyewaita. Amani naye akashuka, mtoto wa mama mdogo, tuliyekula naye sahani moja kwa Mama. Waasi wakamchukua palepale mlangoni kwa Mama, na hakurudi.

Basi jana sikubonyeza kitufe. Niliinama dirishani nikamwambia, "Kamanda, unanikumbuka?"

Akanitazama, uso ukamfunguka. "Polisi! Si wewe polisi wa mpakani?" Akawageukia wenzake garini, anacheka kwa furaha kabisa. "Huyu ndiye aliyetufungulia mji! Mtu wetu huyu!"

"Uliniahidi kitu kabla sijainua," nikamwambia. "Kiseme mbele ya hawa."

"Ahadi gani, ndugu yangu? Nilikukuta umeshainua. Hata breki sikufunga."

Mwongo! Yaya, mwongo mkubwa yule! Alisimama, akashuka, akanishika bega, mkono wake ukinuka tumbaku. Nilitaka kumvuta kwa tai yake. Lakini nyuma magari yanapiga honi, akina mama wanapiga vigelegele, na kwenye redio kifuani msimamizi ananifokea nifungue. Kinachoniuma zaidi nitakwambia wewe tu. Alivyosema bila kupepesa macho, kidogo nilijiuliza kama mimi ndiye niliyesahau. Hapana. Sijasahau.

Leo nilikaa na kalamu hii nikitaka kuandika kwamba alikiri. Nani angejua? Mama angefurahi, angenisemesha, labda angeniita nyumbani kabla hajafumba macho. Nimeshindwa, Yaya. Watu nilishawaambia maneno mazuri wakashuka, na unajua yaliyowapata. Kwa hiyo msomee yote kama yalivyo, usiruke mahali, usipambe. Alitaka neno la yule mtu kwa kinywa chake. Neno lenyewe ndilo hilo.

Nisalimie shemeji, fundi wetu wa viatu, na mjomba wa kule kwenye kinu. Mama mdogo mpelekee salamu zangu pia. Akizikataa, usimlazimishe.

Na Mama akiuliza kama yule mtu nilimwinulia tena, mwambie ndiyo, nilimwinulia.

Ni mimi mdogo wako,
Bahati